Usharika Mkongwe Chini ya Mtaa Mpya

Mtaa wa Hagsätra, kusini mwa Stockholm, haujafikisha hata karne. Nyumba zake nyingi zilijengwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, na tarehe 1 Desemba 1960 treni ya mjini ikafika na kukomea hapo. Mgeni anayeshuka kituoni huona maghorofa na maduka, wala hadhani kwamba amekanyaga ardhi ya usharika wa kale.

Usharika huo ni Brännkyrka. Mashamba yake yaliingizwa katika jiji mwaka 1913. Mwaka 1957, watu walipoongezeka, ulimegwa ukazaliwa usharika mpya wa Vantör, na Hagsätra ikawa humo. Kanisa mama bado limesimama jirani, upande wa Älvsjö, na sehemu zake kongwe ni za mwisho wa karne ya 12. Msomaji wa pwani ana kipimo chake: maandishi ya kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kati ya fundi wa matumbawe kule na fundi wa mawe huku haikupita hata miaka mia moja.

Katika sikio la Mswidi, Brännkyrka ni “kanisa lililoungua”. Lakini kilichoeneza jina hilo ni vita. Julai 1518 mfalme Christian wa Pili wa Denmark, aliyeitaka Uswidi iwe chini yake, alishindwa hapo na jeshi la Sten Sture Mdogo, mtawala wa Uswidi. Bendera ya Waswidi ilibebwa na kijana Gustav Eriksson. Mwaka huohuo Christian akamchukua mateka. Kijana akatoroka, na mwaka 1523 akachaguliwa kuwa mfalme; ndiye anayejulikana kama Gustav Vasa. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano wa Västerås, mali za Kanisa Katoliki zikaanza kuhamia kwa mfalme, na Ulutheri ukapata njia. Ni Ulutheri huohuo uliomleta Mswidi Bengt Sundkler kuwa askofu Bukoba, 1961 hadi 1964, kabla ya kumpisha Josiah Kibira. Mhaya wa Bukoba akiingia Brännkyrka, basi, haingii nyumba ya wageni kabisa.

Sheria ya Uswidi inayalinda makanisa ya kale kwa dhati: kanisa lililojengwa kabla ya 1940 haliguswi kwa mabadiliko makubwa bila kibali cha mamlaka ya mkoa. Majira ya joto, sharika nyingi hufungua milango kwa wasafiri na kuwawekea kahawa. Desturi njema sana.

Anayetaka kuendelea apande treni ya Hagsätra hadi Gullmarsplan, abadilishe. Njia moja humfikisha Skogskyrkogården, makaburi ya msituni yaliyoingia katika urithi wa dunia mwaka 1994, penye kikanisa cha msanifu majengo Gunnar Asplund cha mwaka 1920. Nyingine humfikisha Björkhagen, kwenye kanisa la Mtakatifu Marko. Msanifu Sigurd Lewerentz alilikamilisha mwaka 1960, mwaka uleule treni ilipofika Hagsätra, naye akiwa na umri wa miaka 75. Aliwakataza waashi kukata tofali hata moja. Pale tofali zima lisipoenea, nafasi ilijazwa kwa udongo wa kuungia, na ndiyo maana viungo vya kuta zile ni vipana ajabu, na mkono wa mwashi unaonekana bado.