Maji ya Sabaki na picha ya ubongo

Mwaka jana binamu yangu alinitumia ujumbe usiku: "Tunauza shamba la Mambrui. Mama anapelekwa nje, akawekewe seli shina."

Shangazi ana MS. Ilianza na miguu kufa ganzi, kisha jicho moja likaingia ukungu. Miaka mitatu watu walisema ni upepo mbaya, hadi alipopigwa MRI Mombasa na ubongo ukaonekana una madoadoa meupe.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini kusoma sikuacha, basi usiku ule nikaanza kuchimba: hizi seli, ni nani aliyeziona zikifanya kazi?

Neva zetu ni kama nyaya za stima. Zimevikwa ganda la mafuta liitwalo myelini, jina alilolipa Rudolf Virchow wa Ujerumani mwaka 1854. Mwaka 1868, jijini Paris, Jean-Martin Charcot alieleza ugonjwa unaolichuna ganda hilo mabaka mabaka. Lakini mabaka aliyaona kwenye maiti. Kwa zaidi ya miaka 100 ikawa hivyo: mgonjwa akiwa hai, daktari anakisia tu.

Mwaka 1981, Hospitali ya Hammersmith, London, wagonjwa 10 wa MS walipigwa picha kwa mashine mpya ya MRI. Yakajitokeza mabaka zaidi ya 100 ambayo CT skani haikuwa imeyaonyesha.

MRI husoma maji yaliyo mwilini, na hapa mtu wa Sabaki ataelewa haraka. Mto ukiwa na kingo, maji yanafuata njia moja hadi baharini. Masika kingo zikibomoka, yanatawanyika mashambani. Kwenye neva ni vivyo hivyo: ganda likiwepo, maji hufuata urefu wa neva, likichunika, yanaponyokea pembeni. Kuna aina ya MRI inayopima mwendo huo.

Ndiyo iliyotumika San Francisco kwa wavulana 4 wenye ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher. Hawa ganda halikuchunika. Miili yao ilizaliwa isiyoweza kulitengeneza vizuri. Walidungwa seli shina za neva ndani ya ubongo. Ripoti ilitoka 2012: baada ya mwaka mmoja, maji karibu na pale seli zilipowekwa yalielekea kufuata mstari. Watafiti wenyewe waliita hizo dalili, hawakusema tiba. Mwaka 2016 kampuni iliyotoa seli hizo ikatangaza kufunga shughuli.

Na kwa MS? Seli shina zilizojaribiwa zaidi ni za damu. Hazijengi ganda jipya. Kinga ya mwili huangushwa kwa dawa kali, kisha seli hizo huianzisha upya.

Nikamwambia binamu awaulize wale wa kliniki mambo matatu tu: ni seli gani, zinakwenda kufanya nini, na MRI ya kabla na ya baada itaonyesha nini? Walimjibu kwa video ya watu wanatembea, muziki nyuma. Picha ya ubongo, hata moja.

Shamba bado ni letu. Shangazi alinicheka: "Kumbe kuacha shule si kuacha maswali." Mwezi ujao anarudi Mombasa kupigwa MRI nyingine. Nauli natafuta mimi.