Maili Zisizofika Lodwar

Wiki iliyopita rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni aliniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa dakika tano: "Wewe unayejua mambo ya kompyuta, hebu niambie, hizi pointi za simu na maili za ndege nizitumie vipi zisipotee bure?" Nikaanza kumjibu, nikajikuta nimerudi hadi mwaka 1896. Basi nimeona niandike yote, maana jambo lenyewe ni refu na mimi mwenyewe limeshaniunguza.

Nianze nyumbani. Mimi ni wa Kapedo, pale mpakani mwa Turkana na Baringo, penye chemchemi za maji ya moto yanayoporomoka kuelekea mto Suguta. Ukitaka kwenda Nairobi kutoka kwetu unashuka kusini: Chemolingot, Loruk, Marigat, halafu Nakuru. Lakini anayesikiliza habari anaijua barabara hiyo. Mwishoni mwa 2014 askari polisi wengi waliuawa kwa kuviziwa karibu na Kapedo, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana na Baringo zikiwemo. Mwezi uliofuata, Machi, mama yangu alipaswa kufika Nairobi kutolewa mtoto wa jicho. Kupita kusini ilikuwa ni kubahatisha. Tukaamua ndugu yangu ampitishe kaskazini, Lokori, Lokichar hadi Lodwar, halafu apande ndege.

Mimi nikafurahi kimoyomoyo. Nilikuwa na maili 38,000 za shirika moja la ndege ambalo sitalitaja, nilizozikusanya kwa safari za kikazi za Kigali na Johannesburg. Nilikuwa nimezitunza kama yai. Nikafungua tovuti yao, nikaandika "Lodwar" kwenye kisanduku cha mwisho wa safari... hakuna. Ningeweza kumpeleka mama mji wa mbali ng'ambo ambako hajui mtu, ila si kumtoa Lodwar. Ndege zinazotua Lodwar ni za kampuni ndogo kama Skyward Express na Safarilink, zinazoruka kutoka Wilson, na maili zangu kwao zilikuwa sawa na majani makavu. Nikalipa taslimu. Mwaka uliofuata maili zenyewe zikafutika kwa sababu sikuwa nimesafiri tena na shirika lile. Barua pepe ya onyo ilikuja, nami sikuisoma. Kosa ni langu kwa sehemu, nakubali.

Sasa twende nyuma kidogo. Kumzawadia mteja kwa kurudi si jambo la kompyuta. Mwaka 1896 huko Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuuzia maduka stempu za kijani. Ukinunua sukari unapewa stempu, unazibandika kwenye kitabu, kitabu kikijaa unakibadilisha kwa sufuria au blanketi. Mimi kama mtu wa programu naiona hiyo kuwa hifadhidata ya karatasi, na ilikuwa na jambo moja zuri sana: nakala ya rekodi alikuwa nayo mteja, kabatini kwake. Hakuna aliyeweza kuingia usiku akang'oa kurasa.

Kilichogeuza mambo ni SABRE. Inasimuliwa kwamba mwaka 1953 rais wa American Airlines, C. R. Smith, alikaa ndani ya ndege jirani na muuzaji wa IBM aliyeitwa Blair Smith, majina yao yakawafanya waanze mazungumzo, na mazungumzo hayo yakazaa mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi za ndege. Ulikamilika kufanya kazi mwaka 1964, ukiendeshwa na kompyuta mbili za IBM 7090. Kabla ya hapo nafasi ziliandikwa kwenye kadi za karatasi na makarani walikuwa wakizipekua kwa mkono.

Halafu mwaka 1978 serikali ya Marekani ikaacha kupanga nauli na njia za ndege. Ghafla kila shirika likaweza kumnyang'anya mwenzake abiria. Texas International ilijaribu mpango wa maili mwaka 1979, lakini tarehe inayokumbukwa ni 1 Mei 1981, American Airlines ilipozindua AAdvantage. Na hapa ndipo msomaji mwenye jicho la kompyuta atatabasamu: ili kuwapata wateja wao wakubwa, walipekua rekodi za SABRE wakitafuta namba za simu zilizojirudia-rudia! Yaani lile swali ambalo leo tunaliandika kwa mstari mmoja wa SQL ndilo lililoanzisha biashara yote hii. United wakafuata siku chache tu baadaye, na mwaka 1983 hoteli nazo zikaingia, Holiday Inn na Marriott.

Kuna Mmarekani mmoja, mhandisi David Phillips, ambaye mwaka 1999 aligundua kwamba kampuni ya vyakula ilikuwa ikitoa maili kwa kila kifungashio, akanunua vikombe 12,150 vya pudini kwa takriban dola 3,140 na kupata maili zaidi ya milioni moja na laki mbili. Huyo alipiga hesabu kabla ya kununua. Sisi wengine tunapiga hesabu baada ya kupoteza.

Sasa nirudi Kenya, maana kwetu pointi hazikuja kwa ndege. Januari 2007 Safaricom ilianzisha Bonga: kila shilingi 10 unazotumia kwenye simu, pointi moja. Miezi miwili baadaye, Machi 2007, kampuni hiyohiyo ikazindua M-Pesa. Ziangalie hizi mbili kwa makini, kwa sababu ndizo zilizonifungua macho. Kampuni moja, mwaka mmoja, namba yako moja ya simu, na salio mbili zimekaa upande kwa upande. Kwa mtazamo wa seva hazina tofauti: safu mbili za namba, jina la mteja na kiasi. Ukitaka kuongeza unaongeza, ukitaka kupunguza unapunguza.

Tofauti iko nje ya kompyuta. Kila shilingi ya M-Pesa ina shilingi halisi inayolala benki kwenye akaunti ya amana, nje ya mfuko wa Safaricom, na Benki Kuu inatazama. Pointi ya Bonga haina mwenzake popote. Ni ahadi. Wahasibu wenyewe wanaijua hivyo: chini ya kanuni ya kimataifa ya IFRS 15, inayotumika tangu 2018, kampuni inapokupa pointi inapaswa kuandika sehemu ya pesa uliyolipa kama deni ambalo bado haijalitimiza. Pointi ikiisha muda au ikionekana haitatumika kamwe, deni linageuka kuwa mapato. Soma sentensi hiyo tena polepole. Kusahau kwako ni pato la mtu.

Na deni hilo linaweza kuwa kubwa kuliko unavyofikiri. Juni 2020, ndege zikiwa zimelala viwanjani kwa sababu ya korona, United ilitangaza kuweka mpango wake wa MileagePlus rehani ili ikope dola bilioni 5, na mpango huo ukakadiriwa thamani ya karibu dola bilioni 22. Hiyo ilikuwa zaidi ya thamani ya shirika zima kwenye soko la hisa wakati ule.

Mwaka huohuo wa korona ndio nilioona pointi zikifanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Vyuo vilifungwa Machi 2020, nikarudi, na mama alikuwa kwa mjomba Lodwar. Aprili Safaricom ikaruhusu watu walipe dukani kwa pointi za Bonga kupitia Lipa na M-Pesa, senti 30 kwa pointi moja. Nikabonyeza *126# kwenye simu ya mama. Pointi 4,200. Alikuwa hajazigusa tangu anunue laini. Zikawa shilingi 1,260: unga, mafuta, sukari na sabuni. Mama alimtazama mwenye duka, akanitazama mimi, akaniuliza, "Umekopa?" Nikamwambia hapana, hizi ni zako. "Zangu tangu lini?" Nikakosa jibu la haraka.

Piga hesabu lakini. Pointi 4,200 ni shilingi 42,000 alizotumia kwa miaka yote hiyo. Amerudishiwa shilingi tatu kwa kila mia. Si haba, ila si utajiri, na senti 30 hizo zilipangwa na kampuni, wala si na mama.

Kuna daftari jingine ambalo watu wa mijini hawalijui sana. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula katika kambi ya Kakuma. Kila kaya ya wakimbizi ilipewa laini ya Safaricom, na kila mwezi thamani fulani ikaingizwa humo. Haikuweza kutolewa kama pesa. Ilinunua chakula tu, tena kwa wafanyabiashara walioandikishwa. Ilianza kama sehemu ndogo ya mgao, lakini makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa 2016 ikawa njia kuu ya kupata chakula pale. Nilipita huko 2018 nikiwa kwenye mafunzo ya kazi, na dukani nikaona mkebe umejaa laini za simu, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina. Nikadhani anauza. Kumbe ni dhamana. Mtu amekula kwa mkopo, ameacha laini yake, na mwezi ukiingia mwenye duka anajilipa mwenyewe. Mteja wa namna hiyo habembelezi bei, na hawezi kuvuka barabara kwa jirani anayeuza rahisi.

Hapo ndipo nilipoelewa bei ya neno "tu". Shilingi mia inayotumika popote na shilingi mia inayotumika kwa fulani tu si kitu kimoja, hata kama skrini inaonyesha namba ileile. Kuanzia 2019 wakazi wa Kalobeyei walianza kupewa pesa taslimu kupitia akaunti za benki. Maili zangu 38,000 nazo zilikuwa na "tu" yao.

Wazee wetu Waturkana walikuwa na mpango wao, na mtafiti P. H. Gulliver aliuandika katika kitabu The Family Herds mwaka 1955. Unampa rafiki mbuzi leo, naye atakupa siku ukame au wavamizi watakapokumaliza. Rekodi iko kwenye vichwa viwili, si kimoja. Sisemi turudi huko (jaribu kumlipa daktari kwa urafiki), nasema tu kwamba ni mfumo ambao mmoja hawezi kuufuta peke yake.

Na kufuta kunatokea. Nakumatt ilikuwa na kadi ya pointi iliyojaa kwenye pochi za Wakenya. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe, na kadi ikabaki plastiki. Oktoba 2022 Safaricom nayo ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizozidi miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 2023, na kelele zikawa nyingi kwelikweli. Mashirika ya ndege yamefanya lao kwa upole zaidi: Delta na United mwaka 2015, American 2016 na Flying Blue 2018 yaliacha kuhesabu umbali na kuanza kuhesabu pesa uliyolipa. Jina "maili" likabaki, maili zenyewe zikaondoka.

Sasa nikiri jambo. Mwaka juzi mteja wa kampuni ninayofanyia kazi, mwenye maduka kadhaa, alitaka mfumo wa pointi. Mimi ndiye niliyeuandika. Kuna kazi ndogo inayoamka kila usiku saa sita na dakika moja, inatafuta pointi zilizopita miezi kumi na miwili, inaziweka sifuri. Ni mistari kumi na moja ya msimbo, nimeihesabu. Niliomba tuongeze ujumbe wa onyo siku thelathini kabla. Nikaambiwa hilo lingoje awamu ya pili. Awamu ya pili haijafika.

Kwa hiyo rafiki yangu, jibu ni hili. Kabla hujaanza kukusanya, uliza zinatumika wapi, na kama wewe au wako mnafika hapo. Gawanya bei ya kitu kwa pointi kinazodai ujue pointi moja ni senti ngapi, kisha linganisha na muda wa maongezi, data, na bidhaa, maana viwango havifanani. Usinunue kitu usichokihitaji kwa ajili ya pointi, isipokuwa umepiga hesabu kama yule wa pudini. Bonga unaweza kumhamishia mtu mwingine, kwa hiyo kama huzihitaji mpe mama yako. Na zikitosha kwa kitu unachokitaka, zitumie siku hiyo hiyo, usingoje.

Haya yote nilimweleza mama pia nilipompigia Jumapili. Macho yake sasa ni mazima, salio anajisomea mwenyewe. Ana pointi 611. Nikamwambia azigeuze dakika za kuongea leo leo. Akasema ataacha kwanza zifike elfu moja.