Wakfu na Meno ya Maskini: Sadaka Tuliyoisahau

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, ukiwauliza watu wetu ni vitu gani huwekewa wakfu, jibu la haraka litakuwa: msikiti, kisima, makaburi, misahafu na madrasa. Yote hayo ni kheri, wala hatuna nia ya kupunguza hata moja. Lakini ni nadra kusikia kwamba fulani ameacha duka au shamba ili mapato yake yatumike kutunza meno ya watoto wa maskini. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba jambo hili si geni katika dini yetu wala katika historia yetu, kisha tutazame yale waliyoyafanya matajiri wa mataifa mengine katika karne ya 20, na mwisho tuseme machache juu ya hukumu za fedha zinazoweza kutumika kwa kazi hiyo.

Hadhi ya jino katika Sharia

Anayesoma vitabu vya Fiqhi kwa makini ataona kwamba kinywa kimepewa heshima kubwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.), lau si kuuonea umma wake taabu, angeliuamrisha kupiga mswaki kwa kila Swala. Na Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwake kwamba mswaki ni usafi wa kinywa na ni radhi ya Mola. Hata jina tunalolitumia kila siku, "mswaki", limetoka katika Kiarabu, na kwetu limekuwa jina la kitendea kazi na la mti wenyewe pia. Imamu Shafi na wafuasi wake hawakuifunga Sunna hii kwenye mti wa araki peke yake. Wamesema kwamba hupatikana kwa kila kitu kisafi kinachokwaruza, ingawa araki ni bora. Kwa hiyo mtoto anayetumia mswaki wa dukani hayuko nje ya Sunna.

Katika saa za mwisho za Mtume (s.a.w.), aliingia Abdurrahman bin Abi Bakr akiwa na mswaki mkononi. Mtume akautazama, na Bibi Aisha akafahamu kwamba anauhitaji. Akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, kisha akampa, naye akapiga mswaki. Tafakari, ndugu yangu: miongoni mwa huduma za mwisho alizofanyiwa kiumbe bora kuliko wote, ilikuwamo huduma ya kinywa, na aliyemhudumia alimlainishia kile ambacho hakuweza kukilainisha mwenyewe. Basi anayemsaidia mnyonge kutunza kinywa chake anafuata nyayo tukufu.

Ama katika mlango wa dia, barua ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa kwa njia ya Amr bin Hazm imeweka ngamia watano kwa kila jino linalovunjwa kwa kukusudia au kwa makosa. Dia ya mtu kamili ni ngamia mia moja. Jino moja, basi, lina thamani ya sehemu ya ishirini ya dia ya nafsi. Sisi leo tunamwona mtoto wa miaka tisa akipoteza gego kwa kuoza, na hatuoni kwamba kuna kitu kilichopotea.

Tena iko hadithi ya Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamruhusu kuweka ya dhahabu. Hapo wanazuoni wamejenga ruhusa ya kufunga au kuweka jino la dhahabu kwa haja. Imamu Abu Hanifa aliona fedha inatosha kwa meno, na mwanafunzi wake Muhammad bin Hasan akaruhusu dhahabu. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomwa sana katika madrasa zetu za pwani, jino limetajwa waziwazi pamoja na pua na ncha ya kidole. Na ile laana iliyopokewa juu ya wanaochonga meno kuweka mianya, Imamu Nawawi ameeleza kuwa ni kwa anayefanya hivyo kwa kutafuta uzuri. Ama matibabu na kuondoa kasoro, hapana ubaya.

Wahenga wetu na tiba ya kinywa

Elimu hii ilipata mwalimu mkubwa huko Andalus. Abul-Qasim az-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu chake At-Tasrif katika sehemu 30, na sehemu ya mwisho akaiweka kwa upasuaji. Humo ameeleza namna ya kukwangua ukoga uliogandamana juu ya meno, akachora vyombo vya kukwangulia vya aina mbalimbali, akaeleza kung'oa jino kwa upole, na kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu. Alichagua dhahabu kwa kuwa haibadiliki kama fedha. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, ikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Lakini elimu bila mfuko haimfikii maskini. Hapo ndipo wakfu ulipoingia. Asili yake inajulikana: Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi Khaibar, akamshauri Mtume (s.a.w.), akaelekezwa azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Matunda ni ya mafakiri, jamaa, watumwa, wasafiri na wageni, na msimamizi ana ruhusa ya kula kwa wema.

Kwa msingi huo Nur ad-Din Zangi alijenga hospitali Dameski mwaka 1154. Karibu miaka 130 baadaye, Qalawun, ambaye alipokuwa bado amiri aliugua Dameski akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo, aliweka nadhiri kwamba akipata utawala atajenga mfano wake. Akaijenga Cairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu wa majengo na maduka, na akashurutisha ipokee tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, muungwana na mtumwa. Ubavuni mwake palikuwa na madrasa na mahali pa kusomeshea mayatima. Tiba na elimu ya mtoto zilikaa chini ya mwavuli mmoja.

Na wala wakfu haukuishia kwenye mambo makubwa. Ibn Battuta alipofika Dameski mwaka 1326 alimwona mtumwa mdogo aliyevunja sahani ya Kichina. Watu wakamwambia akusanye vipande ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo, naye akapewa thamani ya sahani nyingine ili bwana wake asimpige. Ikiwa mji mmoja uliweza kuwa na wakfu kwa ajili ya sahani iliyovunjika, je, ni jambo kubwa kuwa na wakfu kwa ajili ya jino linalooza?

Hata hivyo, tusijidanganye. Hospitali ya Qalawun ilidhoofu wakfu wake ulipokosa usimamizi mwema, na Wafaransa walioingia Misri mwaka 1798 waliikuta na wagonjwa wachache. Wakfu haulindwi na karatasi peke yake. Unalindwa na uaminifu wa msimamizi na macho ya jamii.

Walichofanya wengine

Tuhame sasa twende Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa huko waliona kwamba watoto wa wafanyakazi maskini wanakuja shuleni na vinywa vilivyooza. Mwaka 1913 daktari Alfred Fones wa Bridgeport alianza kuwafundisha wanawake kazi ya kusafisha meno na kutoa mafunzo ya usafi, na mwaka uliofuata wakaanza kupelekwa katika shule za mji ule. Huko Boston familia ya Forsyth ilitoa mali yake, na mwaka 1914 ikafunguliwa zahanati ya meno ya watoto.

George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, alifuata njia hiyo. Zahanati aliyoigharimia mjini Rochester ilifunguliwa mwaka 1917 kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawana uwezo, na pamoja nayo kulikuwa na chuo cha wahudumu wa usafi wa meno waliokwenda mashuleni. Kisha akatoa kwa miji ya Ulaya. Ya London ilifunguliwa mwaka 1931: yeye alitoa pauni 200,000, na Lord Riddell na Sir Albert Levy wakaongeza pauni 50,000 kila mmoja. Zikafuata Roma, Brussels, Stockholm na Paris, ya mwisho ikiwa mwaka 1937, naye Eastman alikwisha fariki tangu mwaka 1932. Hadi leo jina lake limo katika taasisi za meno za Rochester na London.

Hatumtaji ili tumsifu katika dini, bali kwa sababu kazi yake inafanana na wakfu kuliko inavyofanana na ile misaada tuliyoizoea. Hakugawa miswaki siku moja akapigwa picha akaondoka. Alijenga, akasomesha wahudumu, akashirikisha wengine katika gharama, na kazi ikamfuata mtoto mpaka darasani.

Hali ya leo

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022 limekadiria kwamba watu bilioni 3.5, karibu nusu ya walimwengu, wana maradhi ya kinywa, na watatu katika kila wanne wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2021 Shirika hilo liliiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kuhusu mswaki wa mti, lilihimiza matumizi yake mwaka 1986, na mwaka 2000 kikao cha wataalamu kikasema utafiti zaidi unahitajika. Basi tuseme kwa uadilifu: mswaki wa araki ni Sunna na ni usafi, lakini hautuzuii kutumia dawa ya meno, wala hauondoi madhara ya sukari.

Maana chanzo ni sukari. Vijidudu vya kinywani huigeuza kuwa tindikali, nayo hula jino. Mtoto anayeshinda na peremende na chai ya sukari nyingi anayalisha maradhi. Na liko jambo wazazi wengi hawalijui: gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kabla yake. Mzazi hudhani ni la utoto, litabadilishwa. Huo ndio umri anaoanza shule na chuo. Kwa hiyo mwalimu wa chuo ana nafasi ambayo daktari hana: anamwona mtoto karibu kila siku.

Nchini Ufilipino, ambako uchunguzi wa mwaka 2006 ulikuta watoto 97 katika kila 100 wa miaka sita wana meno yaliyooza, shule ziliwekewa utaratibu mwepesi: watoto wanaosha mikono na kupiga mswaki kwa pamoja kila siku wakisimamiwa na mwalimu, na kupewa dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka. Sisi tuliozoea kuwapanga watoto safu moja kwenye udhu tunashindwa nini?

Tahadhari moja: katika maeneo ya Arusha na pande za Mlima Meru maji yana floridi nyingi, na watoto hutokwa na meno ya rangi ya kahawia. Huko, sadaka iliyo bora kwa meno huenda ikawa maji salama. Mfadhili aulize wataalamu wa mahali kabla ya kutoa.

Hukumu ya fedha

Je, zaka inaweza kutumika? Katika madhehebu ya Imamu Shafi na Imamu Abu Hanifa, zaka hutolewa kwa kumilikishwa mwenye kustahiki. Kumpa fakiri fedha zake za matibabu ya jino ni sahihi. Ama kujenga zahanati kwa zaka ni jambo lenye khitilafu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu kuwekeza zaka katika miradi kwa masharti, miongoni mwake kwamba mahitaji ya dharura ya wanaostahiki yawe yamekwisha tekelezwa. Aliye na wasiwasi aiache zaka katika mkondo wake, na mradi aujengee wakfu na sadaka ya kawaida.

Na wakfu wa fedha taslimu? Mashafi wengi wa zamani waliukataa kwa kuwa fedha hutoweka kwa kutumiwa. Kwa Mahanafi zilikuwapo kauli za kuruhusu, na katika dola ya Uthmaniya karne ya 16 Sheikhul-Islam Abus-Su'ud aliuruhusu huku Birgivi akiupinga vikali. Baraza lile lile, katika kikao cha Muscat mwaka 2004, limepitisha kwamba unajuzu, kwa kuwa asili hubakia na faida hutolewa. Na aliye na nyumba au shamba hana haja ya kuingia katika khitilafu hiyo.

Basi maimamu wetu walitaje jambo hili wanaposhauriwa na wenye mali kuhusu wasia. Chumba kimoja cha kupangisha kinaweza kununua miswaki ya chuo kizima kila miezi mitatu, dawa ya meno, na nauli ya mganga wa meno mara moja kwa mwaka. Sharti liandikwe wazi, msimamizi atajwe, hesabu zisomwe mbele ya watu, na wakfu usajiliwe panapohusika. Zanzibar, kwa mfano, iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa sheria ya mwaka 2007.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratu Aali Imran kwamba hatuufikii wema mpaka tutoe katika tuvipendavyo. Tunamwomba atuwafikishe, azikubali sadaka za waliotangulia, na ayalinde mapato ya nyakfu zetu na mikono ya wasioogopa. Wallahu a'lam.