Timu na Kikosi: Historia ya Mpira wa Kikapu wa Wanaume katika Chuo Kikuu cha Connecticut

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari mjini Ifakara ameleta swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Aliwapa wanafunzi wake habari ya Kiingereza waitafsiri, nayo ilikuwa historia ya mpira wa kikapu wa wanaume katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Alikichagua chuo hicho kwa kuwa ndicho alichokichezea Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kuingia katika NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Wanafunzi walikwama katika kichwa cha habari. Kitu chenyewe ambacho historia yake inasimuliwa, baadhi yao walikiita "programu", wengine "mpango", na mmoja "mradi". Mwalimu ataka kujua lipi kati ya hayo ni sahihi.

Maoni yangu ni kwamba hakuna hata moja, na kwamba neno linalohitajiwa tunalo tayari. Lakini hukumu ya namna hiyo haifai kutamkwa kabla ya kulipima neno kwa jambo lenyewe, na jambo lenyewe hapa ni historia ya zaidi ya miaka 120.

Mchezo huu ulibuniwa mwezi Desemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na James Naismith, Mkanada aliyekuwa akifundisha katika chuo cha YMCA. Alitakiwa kuwatafutia wanafunzi mchezo wa kuchezea ndani wakati wa baridi. Aliomba masanduku mawili. Mtunza jengo hakuwa nayo, akamletea vikapu viwili vya kuchumia fyulisi, tunda ambalo wengine huliita pichi. Laiti masanduku yangalipatikana, pengine leo tungekuwa na mpira wa sanduku. Vikapu vilipigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, kimo cha futi 10, yaani kama mita 3.05, na kimo hicho hakijabadilika hadi leo. Wanafunzi 18 waligawanywa tisa kwa tisa, wakapewa kanuni 13, na mchezo wa kwanza ukaisha kwa bao moja tu.

Mfasiri atazame vizuri vikapu hivyo. Havikuwa vikapu vya ukili vyenye mikono, kama vile tunavyochukua sokoni. Vilikuwa vigumu na vya duara, karibu zaidi na tenga. Tena vilikuwa na kitako, hata mpira uliotumbukia haukutoka mpaka mtu apande ngazi akautoe. Mkazi wa bonde la Kilombero aweza kuifahamu hali hiyo kwa kuufikiria mgono, ule mtego wa kusukwa wa wavuvi, ambao kiingiacho hakitoki mpaka mwenyewe aje. Baadaye vitako vilitobolewa, kisha vikapu vyenyewe vikaondolewa, ikawekwa pete ya chuma na wavu usio na kitako. Jina limebaki ingawa kitu kimeondoka. Sioni sababu ya kulifufua shauri hilo: "mpira wa kikapu" limekwisha kukubalika.

Naismith mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898, akaanzisha mchezo wake huko. Katika makocha wote waliofundisha Kansas, yeye aliyeubuni mchezo ndiye peke yake aliyeshindwa mara nyingi kuliko alizoshinda.

Kijiji cha Storrs, jimboni Connecticut, hakiko mbali na Springfield, na mchezo ulifika huko mapema. Timu ya kwanza ilicheza mwaka 1901, na mpinzani wake alikuwa shule ya sekondari ya jirani. Hapa pana mtego wa kwanza kwa mfasiri. Mwaka ule hapakuwa na Chuo Kikuu cha Connecticut. Palikuwa na chuo cha kilimo, kilichoanza kama shule mwaka 1881, kikaitwa Chuo cha Kilimo cha Storrs mwaka 1893, Chuo cha Kilimo cha Connecticut mwaka 1899, Chuo cha Jimbo la Connecticut mwaka 1933, na ndipo mwaka 1939 kikawa chuo kikuu. Mwandishi wa Kiingereza huruka yote hayo na kusema kwamba chuo kikuu kilianza kucheza mwaka 1901. Mfasiri asimfuate. Watu wa Ifakara hawatashangaa: wanayo Taasisi ya Afya, ambayo mizizi yake ni maabara iliyofunguliwa mwaka 1957 na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, na hakuna mtu makini atakayeandika kwamba Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwapo kwa jina hilo mwaka 1957. Wanayo pia Katrin, kituo cha mafunzo na utafiti wa kilimo, ambacho sasa kimo katika taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo kwa jina jingine. Kila tukio lipewe jina la wakati wake.

Ama kuhusu kichwa cha habari, mwanafunzi aliyeandika "mradi" hakulitoa neno hewani. Katika Kilombero neno hilo lina maana iliyo wazi mno. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa na mradi wa vyandarua vyenye dawa uliojulikana kama KINET, na vyandarua vyake viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Mradi ulikuwa na wafadhili, mwanzo na mwisho. Ulipomalizika, taasisi iliyouendesha ilibaki. Hiyo ndiyo tabia ya mradi: huisha. "Mpango" nao ni jambo linalokusudiwa kutendwa, na "programu", tangu ofisi zetu zipate kompyuta, limeelemewa na maana nyingine. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloweza kubeba kitu kilichozaliwa mwaka 1901 na ambacho kila mwaka hupoteza sehemu ya wachezaji wake bila kufa.

Sasa tusikilize Kiswahili kinavyosemwa viwanjani. Mtu husema timu yake ilianzishwa mwaka 1935, timu imemfukuza kocha, timu ina madeni. Hakusudii wachezaji watakaoingia uwanjani Jumamosi. Hao huwaita "kikosi": kikosi cha leo, kikosi cha msimu uliopita. Basi lugha yetu imekwisha kugawa kazi. Kidumucho ni timu. Kipitacho ni kikosi. Wanafunzi walikwama kwa kuamini kwamba "timu" haina budi kuwa na maana ileile ya neno la Kiingereza tulilolikopa, ilhali tulipolikopa tulilipanua. Neno la mkopo halilazimiki kurudi kwa mwenyewe kila linapotumiwa.

Mgawanyo huo tuupime kwa historia. Hugh Greer aliifundisha timu ya Connecticut tangu 1946 hadi alipofariki katikati ya msimu, mwaka 1963. Mwaka 1979 timu ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi ya vyuo iitwayo Big East, lakini mwongo mmoja baadaye bado ilidharauliwa. Jim Calhoun alipoichukua mwaka 1986, kikosi chake cha kwanza kilishinda michezo 9 na kupoteza 19. Mwaka 1999 kikosi kingine cha kocha huyohuyo kiliifunga Duke 77 kwa 74, na timu ikawa bingwa wa taifa kwa mara ya kwanza. Ilirudia mwaka 2004 na 2011 chini ya Calhoun, mwaka 2014 chini ya Kevin Ollie, aliyepata kuwa mchezaji wake, na miaka miwili mfululizo, 2023 na 2024, chini ya Dan Hurley. Sentensi hizi zote zinasomeka bila kizuizi. Msomaji ajaribu kuweka "programu" mahali pa "timu" katika hata moja, aone jinsi ulimi unavyokwaa.

Mahali pamoja tu neno "timu" halitoshi: panapozungumzwa ajira, fedha na mamlaka. Mwajiri wa kocha ni chuo kupitia idara yake ya michezo, na mfasiri aseme hivyo. Jambo hili si dogo. Mwezi Februari 2009 Calhoun aliulizwa hadharani kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kwa mwaka, maana yeye, kocha wa chuo cha serikali, alikuwa mtumishi wa umma aliyelipwa kuliko wote katika jimbo zima. Watumishi wenzangu watakaosoma makala haya wataelewa kwa nini aliulizwa.

Neno "wanaume" nalo lina mzigo. Kiingereza huliacha mara nyingi, kana kwamba mchezo usiotajiwa wachezaji ni wa wanaume. Kwetu ngeli ya watu haibagui mume na mke. "Wachezaji wa Connecticut" yaweza kuwa ama wao ama wao. Na katika chuo hiki kosa huonekana upesi, kwa sababu timu ya wanawake, iliyo chini ya Geno Auriemma tangu 1985, ina mataji mengi zaidi kuliko ya wanaume. Mwaka 2004 na 2014 timu zote mbili zilitwaa ubingwa. Mwaka 2009 wanaume, akiwamo Thabeet, walitolewa na Michigan State 82 kwa 73 katika Nne Bora, na siku tatu baadaye wanawake wakatwaa ubingwa baada ya kushinda michezo yao yote 39. Aliyesoma kwamba "Connecticut ni mabingwa wa 2009" aweza kumvika Thabeet taji asilolipata.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza mchezo huu akiwa kijana, akamalizia sekondari Houston, Texas, na kucheza Connecticut misimu mitatu, 2006 hadi 2009. Kimo chake kilikuwa kama mita 2.21, na sifa yake kubwa ilikuwa kuuzuia mpira wa mpinzani ukiwa njiani kwenda kikapuni. Alifanya hivyo zaidi ya mara 400, na katika historia ya timu aliyemtangulia ni Emeka Okafor peke yake. Kwa tendo hilo wanafunzi waliandika "kuzuia", nalo si kosa, ila ni pana mno. Hata chandarua huzuia. Watangazaji wa soka wanalo neno la kipa anayeugeuza mpira kwa kiganja: "kupangua". Napendekeza tulihamishe lilivyo.

Tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Magazeti yetu mengine husema "alisajiliwa". Katika usajili tuujuao mchezaji na klabu hupatana. Huku klabu huchagua kwa zamu, na mchezaji hachagui. "Mgawo wa wachezaji" ungeeleza jambo hilo kwa unyofu zaidi, ingawa nakiri hauna utamu masikioni.

Limebaki neno "ridhaa". Tunalo kwa ajili ya michezo isiyolipwa, na tumelizoea katika ngumi. Thabeet na wenzake walikuwa wachezaji wa ridhaa: walifadhiliwa masomo, hawakulipwa mshahara, na masomo yalihesabiwa kweli, kwa maana msimu wa 2012/13 timu ilifungiwa mashindano ya taifa kwa sababu ya matokeo mabaya darasani katika miaka iliyotangulia. Lakini tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Kwa kikosi cha 2009 mwalimu wa Ifakara aandike "wachezaji wa ridhaa" bila wasiwasi. Kwa vikosi vya sasa ningemshauri aandike "wachezaji wa chuo" tu, na aeleze malipo yao katika sentensi inayofuata, mpaka Wamarekani wenyewe watakapokata shauri wawaite nani.