Buti Linapobana Juu ya Barafu

Mtu akinunua kiatu hapa kwetu hukivaa, hutembea hatua tatu mbele ya mwenye duka, kisha hulipa. Kikimbana hujipa moyo kwamba kitatanuka chenyewe. Juu ya barafu, matumaini ya namna hiyo yamewagharimu watu vidole.

Twende Nepal, mwaka 1950, kwenye mlima Annapurna wenye urefu wa mita 8,091. Tarehe 3 Juni Wafaransa wawili, Maurice Herzog na Louis Lachenal, walikuwa wakielekea kileleni wakiwa na mabuti ya ngozi. Lachenal alikuwa mwongozaji wa wapanda milima huko Chamonix, mtu ambaye miguu yake ndiyo shamba lake, na miguu hiyo ilikuwa imeanza kufa ganzi. Akamwuliza mwenzake atafanya nini iwapo yeye atarudi. Herzog akajibu kwamba ataendelea peke yake. Lachenal akamfuata. Wakafika, wakawa watu wa kwanza kukanyaga kilele cha mlima unaozidi mita 8,000.

Tatizo lilikuwa damu. Baridi ikizidi, mwili hupunguza damu ya miguuni ili kulinda moyo na matumbo. Buti likibana, au mikanda ya vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini yake ikikazwa mno, hata damu kidogo iliyobaki huzuiwa. Wengi hudhani soksi ya pili huongeza joto. Ndani ya buti lisilo na nafasi hulipunguza. Lakini buti pana nalo ni balaa. Anayepanda ukuta wa barafu husimama juu ya meno ya mbele tu, na kisigino kikinyanyuka ndani ya buti, meno hutikisika na kuachia. Basi kisigino kishikwe, vidole vicheze. Tena buti lijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pamoja na soksi zile zile za mlimani, na mtu ateremke mteremko aone kama vidole vinagonga mbele.

Turudi Annapurna. Kambini walikuwapo Lionel Terray na Gaston Rébuffat, ambao walikesha wakiwachapa wenzao miguu kwa kamba ili damu irudi. Hiyo ndiyo tiba waliyoiamini siku zile. Leo tunajua kwamba huzidisha madhara. Kulipokucha, miguu ya Lachenal ilikuwa imevimba na mabuti yake hayaingii. Ya Terray yalikuwa makubwa kwa namba mbili. Terray akayavua, akampa. Kisha akashika kisu, akayapasua ya Lachenal kwa juu, akajisukumiza humo. Mtu mwenye miguu mizima, anayejua fika maana ya buti linalobana! Mimi naona tendo hilo linazidi kile kilele chenyewe.

Siku hiyo walipotea katika dhoruba, wakalala ndani ya ufa wa barafu. Alfajiri theluji ikaporomoka, ikafukia mabuti, wakayachimbua kwa mikono mitupu. Lachenal alikatwa vidole vyote vya miguu. Herzog vya miguu na vingi vya mikono.

Waingereza walipokwenda Everest mwaka 1953 walichukua mabuti maalumu ya kule juu. Ndani mliwekwa sufi, ndugu zangu, sufi hii hii tunayojazia mito, katikati ya ngozi nyembamba na bitana isiyopitisha maji. Hata hivyo, usiku wa tarehe 28 Mei Edmund Hillary aliyavua ya kwake. Tenzing Norgay alilala na ya kwake miguuni. Asubuhi mabuti ya Hillary yalikuwa yameganda kama gogo, ikabidi ayaweke juu ya moto wa jiko la Primus, ngozi ikanuka kuungua, mpaka yakalainika kiasi cha kuingiza mguu. Saa 12 na nusu wakatoka hemani.