Msafiri wa LGBTQ: Mambo 6 ya kuangalia kabla ya kukata tiketi

Picha za ufukwe zinavutia, bei ya hoteli inalipika na tiketi iko kwenye ofa. Kwa wasafiri wengi, hapo safari imeshaiva.

Kwa wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, hapo ndipo maswali yanapoanza. Sheria ya huko inasemaje? Wawili wakiomba chumba chenye kitanda kimoja, mapokezi watawajibu nini? Na mambo yakiharibika, polisi watakuwa msaada au tatizo?

Bendera ya upinde wa mvua mlangoni mwa baa haitoshi kujibu maswali hayo. Haya ndiyo ya kuangalia, kuanzia kutoka nyumbani hadi kurudi.

1. Sheria kwanza, matangazo baadaye

Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuruhusu ndoa za jinsia moja, mwaka 2001. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2006 na mpaka sasa inaongoza Afrika kwa hilo. Taiwan ilifungua njia Asia mwaka 2019, na nchini Thailand sheria ya ndoa hizo ilianza kutumika Januari 2025.

Lakini ndoa si kipimo pekee. Zipo nchi ambazo hazifungishi ndoa hizo, ila mapenzi ya jinsia moja si kosa tena. Msumbiji ilifuta kosa hilo mwaka 2015 na Ushelisheli mwaka 2016. Botswana na Mauritius zilifika hapo kupitia mahakama: Botswana mwaka 2019, uamuzi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021, na Mauritius mwaka 2023.

Kwa upande mwingine, sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inatoa kifungo cha maisha, na hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Tanzania adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, na Kenya miaka 14. Sheria hizi haziulizi pasipoti: mtalii naye zinamhusu.

2. Sheria ni moja, mtaa ni mwingine

Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani ambayo katiba yake ilikataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Eneo la De Waterkant jijini Cape Town linajulikana kwa baa, migahawa na nyumba za wageni zinazowakaribisha watu wa LGBTQ.

Hata hivyo, katika nchi hiyohiyo, wanawake wanaopenda wanawake wamebakwa na kuuawa kwa sababu ya walivyo, hasa kwenye vitongoji maskini. Kwa hiyo swali si "nchi gani?" tu, bali pia "mtaa gani, na saa ngapi?"

Rwanda ni mfano wa aina yake. Hakuna sheria inayofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, lakini katiba inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke pekee, na jamii bado ina mtazamo wa kihafidhina.

3. Taarifa ni ya lini?

Trinidad na Tobago ni funzo zuri. Mwaka 2018 mahakama ilibatilisha sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Machi 2025, Mahakama ya Rufaa ikaurudisha mzigo uleule. Mwaka huohuo Burkina Faso, ambako halikuwa kosa, ilipitisha sheria ya kuwafunga.

Anayetegemea ushauri wa miaka mitatu iliyopita anaweza kuingia mtegoni. Shirika la ILGA World hufuatilia sheria za nchi mbalimbali, na ILGA-Europe hupanga nchi za Ulaya kila mwaka, ambako Malta imeshika nafasi ya kwanza kwa miaka mingi mfululizo. Serikali za Uingereza na Canada nazo huweka mtandaoni ushauri wa safari wa kila nchi, ukigusa pia wasafiri wa LGBTQ.

4. Ndege inapitia wapi?

Safari nyingi kutoka Nairobi na Dar es Salaam hupitia Dubai, Doha au Addis Ababa. Kote huko mapenzi ya jinsia moja ni kosa kisheria. Anayebadilisha ndege bila kutoka uwanjani kwa kawaida hupita tu. Ila ndege ikichelewa na abiria wakapelekwa kulala hotelini mjini, hapo ameshaingia nchini, na sheria za huko zinamhusu.

5. Simu nayo inasafiri

Misri, polisi wamewahi kutumia programu za kutafuta wapenzi kuwanasa watu, kisha picha na jumbe zikawa ushahidi. Kabla ya kupita nchi za aina hiyo, ni busara kuondoa programu hizo na kuhamisha picha na mazungumzo ya siri.

6. Hoteli na nyaraka

Barua pepe fupi kwa hoteli, "Tunahitaji kitanda kimoja cha watu wawili wa jinsia moja, kuna tatizo?", huokoa aibu ya usiku. Ila itumwe pale tu sheria inaporuhusu.

Wenza waandae barua inayomtaja nani aamue mmoja akilazwa, kwa sababu nchi isiyotambua ndoa yao inaweza kumhesabu mwenza kama mgeni tu. Aliyebadili jinsia ahakikishe tiketi ina jina lilelile la kwenye pasipoti. Dawa za homoni zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari, maana testosteroni ni dawa inayodhibitiwa katika nchi nyingi.

Kurudi nyumbani

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki, kuna jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya hailigusi. Mkenya au Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90, lakini akipatwa na shida huko, afikirie kwanza aeleze kiasi gani kwenye ubalozi wa nchi yake.

Halafu kuna picha. Busu lililopostiwa Cape Town huonekana Mombasa dakika hiyohiyo, na jirani, mwajiri au polisi anaweza kuliona. Cape Town inaweza kuwa salama kabisa, lakini tiketi ni ya kwenda na kurudi.