Malipo ya Saa za Ziada katika Programu ya Mahudhurio (Loitokitok)

Malipo ya saa za ziada, au ovataimu kama wafanyakazi wengi wa Kenya wanavyoyaita, ni ujira wa kazi inayofanywa baada ya saa za kawaida za wiki kutimia. Wakala wa forodha wa Loitokitok, kaunti ya Kajiado, anayeacha daftari la getini na kutumia programu ya mahudhurio, hana budi kuiwekea kanuni za malipo hayo mwenyewe. Programu zilizoundwa kwa soko la Marekani huja na wiki ya saa 40, kipimo cha sheria ya huko ya 1938.

Nchini Kenya, Amri ya Jumla ya Mishahara inaweka wiki ya saa 52 kwa siku sita, na saa 60 kwa wafanyakazi wa usiku. Mkataba ukitaja saa chache zaidi, tuseme 45, namba hiyo ndiyo ya kuingizwa. Kilimo, ujenzi, hoteli na ulinzi zina amri zake, nazo zisomwe kwanza.

Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko au sikukuu ya umma, mara mbili. Kiwango cha saa hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225, kwa kuwa saa 52 mara majuma 52, kugawanywa kwa miezi 12, hukaribia hapo. Karani wa shilingi 18,000 ana shilingi 80 kwa saa. Ovataimu yake ni 120, na 160 siku ya mapumziko. Programu ikiachwa igawe kwa 240, yaani siku 30 za saa 8, saa yake hushuka hadi 75. Akifanya saa 20 za ziada mwezini, amepunjwa shilingi 150, na hati ya mshahara haionyeshi zilikopotelea.

Linaloumiza zaidi ni siku ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku moja katika kila saba, bila kulazimisha iwe Jumapili. Anayepumzika Jumatano akaitwa kupokea malori Jumatano hiyo anastahili mara mbili, basi siku hiyo iandikwe kwa jina la kila mtu. Idd hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kalenda irekebishwe kwa mkono. Kukata dakika hadi robo saa iliyopita kuzimwe kabisa: dakika 14 za kila jioni ni kazi iliyofanywa.

Programu pia itoe onyo kabla saa za majuma mawili, za kawaida na za ziada pamoja, hazijapita 116, ambazo ni kikomo cha kazi ya mchana.

Wakala mwenye ofisi nyingine Tarakea, ng'ambo ya mpaka, aunde kundi la pili la wafanyakazi katika programu. Sheria ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ziada isiyozidi saa 50 katika majuma manne, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.